Popo darini: sumu ilituletea balaa, mwishowe tuliwatoa kwa bomba na neti bila kuua hata mmoja (uzi mrefu kidogo)

mwana_chumbageni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Naona humu kila baada ya wiki mbili mtu anauliza habari za popo darini na majibu karibu yote ni yale yale, mwaga dizeli, washa pilipili, ziba matundu mchana wafie humo humo. Naomba nieleze yaliyotupata nyumbani kwa mama hapa Tanga maana yalituuma kwelikweli na sitaki mwenzangu ayapitie.

Nyumba ni ya zamani, bati za migongo midogo, silingibodi ile ya kizamani. Popo wapo toka mi nasoma, tulishazoea kelele zao jioni. Ila miaka mitatu hii wakaongezeka mpaka silingi ya sebuleni ikaanza kutoa ramani za njano, baadae zikawa rangi ya chai, na harufu ya mkojo ukiingia tu kutoka nje macho yanawasha. Mama anafagia baraza asubuhi, vinyesi kama punje za mchele mweusi, jioni vimejaa tena. Maji ya mvua tukaacha kukinga kwa sababu bati la upande ule lote lilikua chafu.

Halafu mama akaanza kukohoa. Wakapima TB hamna, wakarudia hamna, dawa za kawaida akanywa zikaisha kikohozi kipo pale pale. Ni daktari mmoja kijana ndo aliyeuliza, "Mama, nyumbani mnafuga kuku au mna popo?" Akatueleza kwamba kuna kuvu inaota kwenye mavi ya popo na ya ndege yaliyorundikana siku nyingi, ukifagia yakiwa makavu lile vumbi linaingia kifuani, na ugonjwa wake unafanana na TB kiasi kwamba wapo wanaomeza dawa za TB na wala si TB. Akampima, akampa matibabu, na akasema kwanza mtoeni kwenye hiyo nyumba. Mama akahamia kwa dada.

Sasa mimi kwa haraka ya kutaka mama arudi nikaita kampuni ya kupiga dawa, jina nalibakiza. Wakaja mwezi wa 11, mvua za vuli zimeshaanza, wakapuliza mchana popo wote wakiwa ndani, wakaziba matundu kwa magazeti na saruji kidogo, wakachukua hela wakaondoka. Kesho yake vitoto vikaanza kudondoka kupitia tundu la taa ya korido. Wakuu, vile vitoto havina hata unywele, vyekundu, kimoja hakifiki kidole gumba, na vinalia. Mwanangu wa miaka saba alikua anavisogeza kwa kijiti kwenye kifuniko cha ndoo anavitafutia kivuli, ananiuliza mama yao yuko wapi. Wale wakubwa ambao hawakufa walitafuta mwanya wakaingia vyumbani, tukalala sebuleni kwa jirani siku mbili. Baada ya hapo ikaja harufu ya kuoza wiki tatu nzima na funza wanadondoka hadi mezani. Na mwezi wa pili mwaka uliofuata popo wengine walikua wamesharudi mle mle.

Kwaiyo naandika ili mtu asikie mapema: popo hautoi kwa kumuua, unamtoa kwa kumwacha atoke mwenyewe usiku kisha asipate pa kuingilia. Na kuna miezi ya kufanya na miezi ya kuacha. Nitaeleza tulivyofanya mara ya pili ila acha kwanza nisikie na wengine.

jamaa_wa_mbagala

Pole sana dada na mama yetu Mungu amjalie afya. Ila mi kwangu niliweka naftalini nusu kilo darini wakahama. Usichanganye mambo, ni bei rahisi na hakuna aliyekufa.

fundi_kenchi

Mkuu jamaa_wa_mbagala, samahani nikupinge kidogo, mi naezeka mwaka wa 19 huu. Naftalini ili popo ahame inabidi ujaze kiasi ambacho wewe unayelala chini ndo unaivuta usiku kucha, ikishayeyuka wanarudi. Nimepanda madari mengi nimekuta vile vidonge vimezungukwa na mavi mapya. Moshi nao hivyo hivyo, na nishaona kenchi (mbao zinazobeba paa) zimeshika moto kwa mtu aliyepandisha jiko na pilipili juu. Hivi vimashine vinavyouzwa eti vinatoa sauti ya kufukuza popo nimevitoa vinne kwa wateja tofauti, popo kalala pembeni yake.

Popo wa darini anapenda bati kwa sababu ya joto. Sisi mafundi saa 8 mchana hatuthubutu kukaa chini ya bati, yeye ndo kajibana kati ya papi na bati kastarehe. Na hahitaji tundu kubwa. Upenyo wa kuingia kidole chako kimoja unamtosha. Sehemu ni zile zile: chini ya kofia pale bati mbili zinapokutana juu, mwisho wa bati kwenye fishabodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa) pale migongo inapoacha vinafasi, na pale ukuta wa pembetatu unapokutana na bati fundi hakujazia vizuri.

Ukitaka kulijua tundu lao lenyewe usipande juu kwanza. Simama chini mchana, tafuta sehemu ina alama nyeusi ya mafuta mafuta ukingoni na mavi chini yake ukutani. Ile ni mafuta na uchafu wa miili yao, wanapita hapo kila siku mamia kwa mamia.

mwana_chumbageni

Asante fundi, kwetu ilikua hivyo hivyo, alama nyeusi kama kiganja upande wa tenki la maji.

Sasa mara ya pili. Kuna kaka mmoja anafanya kazi za uhifadhi huko milima ya Usambara, ndo alinielekeza kwa simu. Kitu cha kwanza aliniambia nisiguse chochote mpaka masika iishe, popo hawa wa darini wengi wanazaa kipindi cha mvua wadudu wakiwa wengi, mmoja anazaa kitoto kimoja, na kitoto kinachukua kama wiki tano sita ndo kiweze kuruka. Ukiwazuia wazazi kurudi vichanga viko ndani umerudi kule kule kwenye funza. Tukasubiri. Ilikua ngumu, mama anauliza kila siku anarudi lini.

Mwezi wa 7 kipupwe kimetulia, nikakaa na mwanangu uani na viti viwili kuanzia saa 12 na robo jioni. Kama saa 12:35 akatoka wa kwanza, akafuata wa pili, halafu ikawa kama mtu anamwaga. Ukiwaangalia kwa karibu wana kamkia kametokeza nyuma kama ka panya, ndo unajua ni wale wadogo wanaokula wadudu. Mtoto anahesabu mimi naandika, tulifika 212. Wote mwanya mmoja. Saa 2 usiku nikaweka ngazi kwenye kitundu cha darini nikasikiliza, kimya kabisa. Vingekuwepo vitoto ungesikia vinalia vikiita mama zao. Jioni tatu mfululizo nikafanya hivyo mpaka nikaridhika.

Ndo fundi akaja. Akaziba KILA kitu isipokua ule mwanya mkuu mmoja. Juu kwenye kofia akatumia wavu wa chuma wa matundu madogo (ule wa kuku wa matundu makubwa hapana, wanapita), ukutani saruji na mchanga, kwenye vinafasi vya migongo ya bati akapigilia vipande vya mbao alivyokata kwa umbo la bati kisha silikoni. Kazi ilifanyika mchana ila kwa nje, ndani hatukuwagusa.

Kwenye ule mwanya uliobaki tukaweka bomba la maji taka la inchi mbili, urefu kama sentimita 25, limeinama chini kidogo, ndani laini. Mdomo wa nje tukafunga mfuko mwepesi wa nailoni uliotobolewa chini, unaning'inia. Popo anatambaa ndani ya bomba, anausukuma mfuko, anadondoka, anaruka. Akirudi alfajiri mfuko umejifunga wenyewe na bomba linateleza, hana pa kushika. Pembeni mwanya huo huo ulikua unaendelea kwa mstari mrefu ambapo bomba halikai, pale tukatundika shedineti ya kitalu cha mboga, tumeibana juu na pembeni, chini iko wazi inashuka zaidi ya nusu mita. Popo akitoka anashuka kwa ndani ya neti anatokea chini, akirudi anakuja moja kwa moja pale alipozoea anagonga neti.

Usiku wa kwanza sikulala. Alfajiri saa 11 wanarudi, wanazunguka zunguka pale kwenye bomba kama nyuki, wanajaribu, wanaondoka. Roho iliniuma nisiseme uongo. Lakini walikua hai wote.

mama_wa_lushoto

Dada umenigusa na huyo mtoto na kijiti chake. Mi sina popo nina fungo. Kila asubuhi nyuma ya jiko la nje chini ya mparachichi nakuta rundo la mavi, kubwa utasema ya mtu, lina mbegu za matunda na magamba ya majongoo. Naondoa, kesho lipo pale pale. Mume wangu anataka kutega sumu. Nifanyeje jamani?

mkulima_muheza

Shikamoo mama. Fungo ndo tabia yake, anachagua sehemu moja anaifanya choo na anairudia usiku kwa usiku, ni namna ya kuwaambia fungo wengine kwamba hapa kuna mwenyewe. Sumu usiweke kabisa, atakula mbwa wako au kuku au mtoto wa jirani, na huyo huyo anakusaidia kula panya.

Kwangu ilikua nyuma ya banda. Nilifanya hivi: mavi nilitoa na udongo wake wa juu nikafukia mbali, maana ukiacha harufu ndo unamwita. Pale mahali nikamwaga maji ya sabuni siku kadhaa na nikarundika matawi ya michongoma ili asipate pa kuchuchumaa. Kubwa zaidi ni kuokota maparachichi yaliyodondoka KABLA jua halijazama, na makombo ya jikoni yasilale nje. Kuku wafungiwe. Ilichukua kama wiki mbili akahamishia choo chake huko porini kwenye mpaka wa shamba, sasa ananya huko na mimi sina shida nae.

mama_wa_lushoto

Marahaba mwanangu. Maparachichi yanadondoka mengi siwahi kuokota yote kwa kweli. Nitawapa wajukuu kazi hiyo ya jioni, na michongoma ipo. Asante.

afya_mtaani

Wakuu naomba niongezee upande wa afya maana naona watu wanashika shika.

Popo asishikwe kwa mkono mtupu, hata aliyedondoka, hata kitoto. Popo wanaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mtalii Mholanzi alikwaruzwa usoni na popo kule Tsavo Magharibi Kenya, mkwaruzo mdogo tu, hakupewa chanjo, alifariki aliporudi kwao. Ukiumwa au kukwaruzwa osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaseme "nimeumwa na popo", usisubiri uone.

La pili, najua baada ya Marburg ya Kagera Machi 2023 na ile ya Biharamulo Januari 2025 watu wameogopa kila popo. Popo anayefahamika kuwa ndo makazi ya kirusi cha Marburg ni yule wa matunda anayeishi mapangoni na kwenye migodi, si hawa wadogo wenye mkia wanaokaa kwenye bati. Lakini hiyo isikufanye ukachezea mavi yao. Na kuwafukuza kwa kuwavuruga, kuwapiga na mafagio ndo kunaongeza mtu kuumwa, kukwaruzwa na kurukiwa na mkojo.

Kusafisha: kamwe usifagie makavu. Nyunyizia maji yenye sabuni au jiki kidogo mpaka yalowe kabisa, ngoja, halafu kokota kwa koleo utie kwenye mifuko. Barakoa ile nzito ya kubana, ya kitambaa haisaidii hapo, glavu, nguo za mikono mirefu ambazo utafua peke yake. Watoto, wajawazito, wazee na wenye kinga ndogo wasiwepo nyumbani siku hiyo.

jamaa_wa_mbagala

Asante mkuu hapo kwenye kufagia mi nilikua nafagia tu na kanga mdomoni. Swali, nitajuaje ni mavi ya popo na si ya panya? Maana naambiwa huenda hata mi walihama panya si popo.

fundi_kenchi

Chukua kimoja kikavu kwa karatasi, kibonyeze. Cha popo kinasagika kinakua unga na ukimulika tochi unaona vinang'aa ng'aa, ni mabawa na magamba ya wadudu. Cha panya ni kigumu hakisagiki hivyo. Halafu cha popo utakikuta kimeganda ukutani chini ya tundu, panya hanyi ukutani.

mpemba_wa_wete

Assalam alaykum. Mimi nimefurahi kusoma mtu anataka kumtoa popo bila kumuua. Kwetu Pemba tuna popo wakubwa wa matunda ambao hawapo pengine popote duniani, mwishoni mwa miaka ya 1980 walikua wamebaki mia chache tu kwa ajili ya kuwindwa na kukatwa misitu. Watu wa Kidike wakaamua kuwalinda pale kijijini kwao, leo ukienda jioni unawaona maelfu wananing'inia mitini na wageni wanalipa kuja kutizama.

Sasa suali langu ni la hao wa matunda. Barazani kwangu kuna popo wa kiasi, si wale wakubwa, usiku wanakuja kujitundika chini ya paa la baraza wanakula kungu, wanatema makapi na kunya ukutani, ukuta mweupe wote una michirizi. Hawalali, wanakula tu wanakwenda zao. Hapo bomba halifai.

mwana_chumbageni

Waalaykum salam kaka. Hao kwa dada yangu walikuwepo. Yeye aligundua wanachagua sehemu wanapoweza kushika kwa kucha, mbao chakavu yenye mikwaruzo, akapigilia kipande cha plastiki laini pale pale wanaponing'inia wakawa wanateleza. Taa ya baraza akaiacha inawaka kuanzia saa 1 mpaka saa 5 kwa wiki kama mbili, na akatundika vipande virefu vya shedineti vinavyopepea na upepo. Ukuta akapaka rangi ya mafuta badala ya ya maji kwaiyo michirizi inafutika na kitambaa. Wamehamia kwenye mkungu wenyewe wanakula huko huko. Mkungu asiukate tafadhali, ataupoteza mti na kivuli na popo watahamia kwa jirani.

pwani_kusini

Salamu kutoka Diani. Sisi huku ni tumbili, wananya juu ya gari na kwa kiti za veranda. Ile kitu ilisaidia ploti yetu ni majirani wote kukubaliana hakuna kulisha, hata ndizi moja, na mapipa yawe na mfuniko wa kufunga na kamba ya mpira. Nyumba moja ikiendelea kulisha hamna mtu atapumzika. Colobus Conservation wako hapa Diani na hufunza watu mambo kama haya, mtu wa huku anaweza kuwauliza. Hii ya bomba nitamwonyesha mzee wa kanisani, mnara wetu umejaa popo.

mkulima_muheza

Na mavi ya popo msitupe jamani, ni mbolea kali. Ila yafukie kwenye mboji yakiwa yamelowa, yaive miezi kadhaa, usiyamwage makavu bustanini. Mi naomba hiyo mifuko ya Chumbageni kama ipo.

mwana_chumbageni

Mrejesho kwa walioniuliza inbox.

Bomba na neti tuliacha usiku 8. Siku ya tatu walitoka 40 na kitu, siku ya tano 6, siku ya saba na ya nane hakutoka hata mmoja. Siku ya tisa mchana nikapanda na tochi mwenyewe nimevaa barakoa, nikazunguka kila kenchi, hamna. Ndo fundi akatoa bomba akaziba. Msiache bomba mkasahau, wataizoea au atajenga nyigu.

Silingi ya sebuleni na korido tulitoa yote ilikua haifai, mifuko 14 ya mavi, kaka wa Muheza ipo njoo uchukue. Mbao za kenchi tulizisugua na maji ya jiki tukaziacha wazi wiki mbili zipigwe upepo ndo tukaweka jipsamu. Bomba, neti, silikoni, wavu na misumari haikufika elfu 70, fundi nikamlipa siku mbili. Ile kampuni ya dawa ilichukua laki tatu na nusu.

Popo wenyewe kwa wiki moja walikua wanaonekana jioni wakizunguka juu ya nyumba. Nimewatundikia sanduku la mbao kwenye mnazi wa nyuma kama mita nne juu, jembamba, ndani lina mikwaruzo ya kushikia, mpaka sasa hawajaingia ila chini yake juzi nimekuta vinyesi vitatu, nikakisaga kimoja kwenye karatasi kikang'aa. Wengi nadhani wako kwenye godauni tupu mtaa wa pili maana ndo wanatokea upande huo.

Mama karudi Ijumaa. Amekaa barazani na kikombe chake jioni, anauliza mbona kimya.

jamaa_wa_mbagala

Alhamdulillah. Mi nimepanda leo, ni popo, vinang'aa. Sasa hivi mwezi wa 10 mvua zinakaribia, kwaiyo nisubiri mpaka lini?

fundi_kenchi

Kaa jioni tatu uhesabu, saa 2 usiku sikiliza. Ukisikia vilio acha mpaka mwezi wa 1 katikati hivi, kisha sikiliza tena kabla hujafunga kitu. Kwa sasa tandika nailoni juu ya silingi chini ya pale wanapolala, mkojo usikufikie. Na tuma picha ya fishabodi upande wa nje nikuonyeshe pa kuanzia.